Jua la Lazima

Mimi ni mtu wa kusema, sikatai. Nimefundisha jiografia miaka mingi, na nilipostaafu mdomo haukustaafu pamoja nami. Kwa hiyo siku ile kitongoji chetu cha Kibosho kilipoitana kuzungumzia umeme wa jua, nilipanda kutoka Soweto, mjini Moshi, ninakoishi, nikakaa mstari wa mbele na daftari langu mapajani. Ukweli ni kwamba mimi pale si mkazi. Mkazi ni mama. Yeye alikaa nyuma kabisa na wenzake, kitenge mabegani, kimya.

Nguzo za umeme zilikuwa zimeishia ng'ambo ya korongo, huko barabarani. Watu wa upande wetu walikuwa wanaziangalia tu. Sasa ulikuja mradi na neno tamu, ruzuku. Kila kaya italipa nusu ya bei ya paneli, betri na taa, na nusu ya pili watalipa wafadhili. Ila lilikuwepo sharti: kaya zote zijiunge, asibaki mtu. Ikibaki hata moja nje, mradi unahamia kitongoji kingine.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mzee mmoja mwenye jenereta yake alisimama akasema kwamba anayetaka anunue, asiyetaka aachwe na koroboi yake, na umeme gani huu wa kushikiana fimbo? Wengine wakaitikia. Nikaona nikinyamaza nitapasuka. Nilisimama, nikawaambia kwamba tukimwachia kila mtu hiari yake, watakaopata taa ni wale wale wenye watoto Dar, na wale wengine watabaki kuhesabiwa kwenye mikutano. Nikamwonyesha jirani wa mama, mjane anayefuma sweta za shule, nikasema, "Huyu mama anafuma kwa koroboi mpaka macho yanatoka machozi. Tumsubiri apate hiari lini? Kuna mambo, jamani, bila lazima hayaendi!"

Nilipigiwa makofi. Hata mzee wa jenereta alicheka, akasema mwalimu amemshinda kwa hoja. Nilikaa chini nimevimba kichwa. Nilipogeuka kumtafuta mama, nikaona mikono yake imetulia pale pale mapajani.

Wakati wa kurudi nyumbani aliniuliza jambo moja tu. "Hilo neno lazima, mwanangu, umeanza kulipenda lini?"

"Mama, ni kwa faida ya wote."

"Sawa," akasema, tukaendelea kutembea.

Wiki iliyofuata alikuja fundi wa mradi, mtu wa makamo, mpole, mwenye ngazi na kamba ya kupimia. Nilipanda tena kutoka mjini ili nimsimamie. Alizunguka nyumba ya mama mara mbili, akaangalia juu, akatikisa kichwa. Nyumba ya mama ni ndogo na imejificha kihambani, shamba letu la ukoo, katikati ya migomba na kahawa, na juu yake ulikuwa umetanda mringaringa mkubwa. Kivuli chake kilianza kulalia paa asubuhi na hakikuondoka hadi alasiri.

"Hapa paneli itakaa bure," alisema fundi. "Mti huu ukiondoka, mambo safi."

"Na ukipunguzwa matawi?" nilimuuliza.

"Utachipua, mwalimu. Mwakani utakuwa hivi hivi, na sisi haturudi kila mwaka."

Akageuka, akaangalia upande wa juu wa kihamba. "Na lile paa pale?"

Lile paa pale ni la mdogo wangu wa mwisho. Kwa mila yetu kihamba cha wazazi ni cha kitinda mimba wa kiume, naye amejenga pale nyumba ya vyumba sita, bati la rangi ya damu ya mzee, uani vitofali vya kupangwa, migomba yote imeondolewa ili magari yapate pa kuegesha. Anaishi Dar. Nyumba inafunguliwa Desemba, watu wanakuja, wanachinja, wanacheka, na baada ya mwaka mpya inafungwa tena. Ziko nyingi za namna hiyo Kibosho, na kila mtu anazipita bila kushangaa.

"Hapana, hapana," nilimjibu fundi haraka. "Hiyo ni ya mdogo wangu, na bati bado jipya. Usije ukanitobolea bati la mtu."

Fundi akaandika kwenye karatasi yake, na mimi sikulifikiria tena jambo hilo. Mama alikuwa jikoni anaosha kibuyu cha maziwa.

Nilipomwambia habari ya mti, hakupandisha sauti. Alisema tu, "Huu haukatwi."

Nami nikapandisha. Nilimwambia kitongoji kizima kinamsubiri yeye. Nilimwambia mti ni mti, tutapanda mwingine bondeni. Nilimwambia, Mungu anisamehe, kwamba anataka watu wabaki gizani kwa ajili ya kivuli cha kukalia. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akanivutia kigoda.

Akanisimulia jambo ambalo nilikuwa nalijua nusu nusu. Kulikuwa na wakati ambapo kung'oa mbuni kulikuwa kosa. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, sisi watoto tulikuwa wengi, na baba aling'oa mstari mmoja wa mibuni ili apande maharage. Bwana shamba akapita, akahesabu, akakuta pengo. Baba alichukuliwa, akalala ofisini kwao usiku mbili kama mwizi. Aliporudi alikuwa na amri: arudishe mibuni, na apande na miti ya kivuli. Alipanda vyote. Ile mibuni ilikufa, mringaringa ukashika.

"Baba yako aliupanda kwa amri," alisema mama. "Alikuwa anapita hapa anautemea mate. Halafu ukakua, ukatoa maua, nyuki wakaja, akaanza kukaa hapo jioni. Mwisho akawa hataki kukaa pengine. Sasa mnaniletea amri nyingine niuondoe. Kwani nyie wenye lazima mnataka nini hasa?"

Swali lile lilinikasirisha zaidi. Nikachukua mkoba wangu nikateremka mjini.

Siku zilizofuata watu walianza kumjia mama. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na shikamoo ndefu na maneno ya asali, akasema, "Mama, umebaki wewe tu." Mama akajibu, "Nimesikia." Yule jirani wa sweta alikuja na mayai sita kwenye kikapu, akakaa, akazungumzia ng'ombe, akaondoka bila kutaja taa hata kidogo. Mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia kwenye simu, na niliisikia sauti yake imechoka. Mwenyekiti angemjia tena na tena, na asingetikisika. Yale mayai ndiyo yaliyomnyima usingizi.

Ningemwacha, angefika mwenyewe pale alipotaka kufika. Lakini mradi ulikuwa umetoa wiki moja, na mimi nilikuwa nimesema mbele za watu. Nisidanganye: niliogopa aibu. Nikampigia mdogo wangu, maana mwenye kauli juu ya kihamba ni yeye, mimi binti niliyeolewa sina. Alikuwa kwenye foleni ya magari, honi zinalia. "Dada, kateni tu," alisema. "Mama ataelewa."

Tulikata siku ya Jumatano, mama akiwa kwenye sala ya jumuiya. Mwenyekiti alikuja na kibali mkononi, kila kitu kwa utaratibu. Msumeno ule hauchukui muda. Mti uliomtunzia baba jioni zake zote ulikuwa chini kabla wanajumuiya hawajamaliza rozari.

Mama alirudi na rozari yake bado mkononi. Alisimama njiani. Mahali pale palikuwa peupe kiasi kwamba hata mimi nilikuwa nafinya macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nimejipangia na la kusema. Akainama, akaokota shada moja la maua meupe, akalipangusa vumbi, akaingia jikoni kuwasha moto. Jioni ile alinipakulia mtori kama kawaida, akaniuliza kama chumvi imekolea.

Taa zikaja. Sitaki mtu asome hapa aseme mwalimu ameukataa mwanga, la hasha. Kitongoji kilibadilika. Yule jirani akapata oda za shule mbili, na siku moja alinishika mkono njiani akasema "aika, aika sana," asante yetu ile, mpaka nikaona haya. Bila ruzuku asingeweza, na bila lile sharti wenye nguvu wangejinunulia mapema na yeye angesubiri. Mpaka leo nikiulizwa nitasema hivyo hivyo. Mama naye aliwasha taa yake kila jioni, akasema ni mwanga mzuri, na aliposema hivyo hakuwa anakejeli.

Lakini kigoda chake alikihamishia nyuma ya zizi. Mibuni iliyokuwa chini ya mti ilianza kuungua majani pembeni, kwanza mmoja, halafu mitatu. Nikija kumwona nilikuwa napita pale haraka haraka, nikijifanya nawahi choo au nimeitwa na jirani.

Desemba mdogo wangu akaja na familia yake. Safari hii mbele yao lilitangulia lori dogo limebeba paneli zake mwenyewe, kubwa kuliko zetu, za kuchemshia maji ya kuoga na kuwashia taa za uani. Aliniambia kwa furaha kwamba hata yeye amepata unafuu, kodi imepunguzwa kwenye vifaa vya jua, na kwa nini mtu asichangamkie? Mafundi wake wakapanda kwenye lile bati.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya zizi na mama, tunamenya ndizi. Tukasikia keekee inaanza kutoboa. Tundu la kwanza, la pili, la tatu. Mdogo wangu alikuwa amesimama uani, mikono kiunoni, anawaelekeza wasogeze kushoto kidogo. Bati halikumshtua hata chembe.

Kisu kikanisimama mkononi. Niliangalia lile paa, jua limelijaa tangu asubuhi, hakuna mti wala mgomba karibu. Nikaangalia nyumba ya mama. Hatua ishirini na kitu, waya mmoja tu. Nikamsikia tena fundi wa mradi akiniuliza, na nikajisikia nilivyomjibu. Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na beseni langu la ndizi.

Mama aliendelea kumenya. Hakuangalia juu, wala hakuniangalia mimi.

Usingizi ule nilioukosa siwezi kuuelezea. Kulipokucha, kabla ya misa, nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba ambako masale, ile mimea ya kuwekea mipaka, yamepandwa tangu enzi za babu, nikakata isale moja na shina lake, nikafunga jani moja fundo kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Kwetu, uliyemkosea ukimjia na isale hana ruhusa ya kukukatalia, hata kama ulimuulia ndugu. Kwa kawaida mtu hutanguliza mshenga na mbege, pombe yetu ya ndizi. Mimi nilikwenda peke yangu, kwa sababu kuukata mti wake nilikuwa nimekwenda na mwenyekiti.

Mama alikuwa jikoni. Nikapiga magoti kwenye majivu na gauni langu la misa, nikamnyooshea lile isale kwa mikono miwili. Mimi, mtu wa kusema, nikalia tu kama mtoto.

Alilipokea. Aliligeuza mkononi, akalitazama lile fundo.

"Siku ile fundi alipokuuliza habari ya lile paa," alisema, "nilikuwa hapa hapa naosha kibuyu. Nilikusikia ulivyomjibu. Nikasema, ngoja, ni msomi, atakumbuka mwenyewe. Nikangoja wiki nzima."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mwanangu? Bati ulilionea huruma mwenyewe, bila kuambiwa na mtu."

Alinyanyuka kwa kushika ukuta, akatoka nje, nami nikamfuata. Alikwenda mpaka kwenye kisiki, akachimba pembeni yake kwa kijiti, akalichomeka lile isale, akalishindilia udongo kwa kiganja. Kisha akaniambia nilete maji, nikaenda kuleta.