Fidla Juu ya Mafiga

Fidla nne ziliingia shuleni kwetu, upande wa Matiri, ndani ya robota la mitumba lililoletwa na wageni wa misheni. Zilikuwa zimeviringishwa kwenye makoti ya baridi. Makoti yaligombaniwa siku hiyo hiyo. Fidla hazikugombaniwa na mtu.

Mwalimu wetu wa muziki, mtu wa ziwani kutoka Kihagara, alifundisha darasa zima la saba kwa pamoja. Wanne walishika fidla, sisi wengine tuliweka mabua ya mahindi chini ya kidevu na kuyakwaruza kwa kijiti, vidole vikifuata vya wenzetu. Uzi ulipokatika, mwalimu alifunga mshipi wa kuvulia samaki, na sauti ikatoka ya mshipi. Mimi nilipiga bua kwa miezi mingi, na nililipiga vizuri. Kwenye bua hakuna anayekosea.

Kabla ya likizo ya Juni mwalimu alinichagua niwe mmoja wa wanne watakaopiga siku ya mahafali, akaturuhusu twende na fidla nyumbani kufanya mazoezi. Sharti lilikuwa moja: atakayerudisha fidla mbovu anarudi kwenye bua. Nilitaka kupiga fidla mbele ya mama yangu kuliko nilivyotaka kwenda sekondari.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Aliiita zeze la shule. Aliigonga ubavuni, akasema mbao hii ni laini, dumuzi hawezi kuiacha. Miaka ile mdudu huyo alikuwa ameingia maghalani mwetu, anatoboa mahindi, akimaliza anatoboa na ghala lenyewe. Kilichomshinda ni moshi tu, ndiyo maana kila nyumba ilitundika mbegu za msimu ujao jikoni, juu ya mafiga. Huo ndio mwaka malori ya wanunuzi binafsi yalianza kupanda milima kufuata kahawa, na sote tulishinda shambani tukichuma. Jioni niliporudi niliikuta fidla inaning'inia juu ya moto, katikati ya mahindi ya mbegu.

Nilimwambia mama kwamba mwalimu hakusema hivyo.

"Mwalimu wako ni mtu wa samaki," alisema. "Anajua nini kuhusu dumuzi?"

Basi kila jioni niliishusha, nikafanya mazoezi, naye akairudisha juu. Likizo ilipokwisha ilikuwa nyeusi kama sufuria, na ubao wa juu ulikuwa umeachana na ubavu kiasi cha kupitisha kidole. Nililia njia nzima ya kwenda shule. Nilimkasirikia mama kwa moyo wangu wote.

Mwalimu aliipokea, akainusa, akanitazama.

"Kwetu wangeibanika pamoja na samaki wa mbasa," alisema.

Aliipaka gundi ya seremala, akaikaza kwa mpira wa baiskeli na kuiacha mezani hadi iliposhika. Kuhusu bua hakusema neno, nami sikumkumbusha.

Siku ya mahafali nilipiga. Fidla yangu ilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua, na waliosimama karibu nami walisikia harufu ya jikoni kwetu. Mama alikaa mstari wa mbele. Tulipomaliza alikuja moja kwa moja, akanipokonya fidla, akaigeuza huku na huku mbele ya mwalimu.

"Hakuna tundu hata moja, mwalimu," alisema.

"Hakuna, mama. Ahsante kwa kututunzia."

Mvua za kupandia zilipoanza, mama alinituma nishushe mbegu. Nikakuta ni chache, hazitoshi hata nusu ya shamba. Nilipomuuliza nyingine ziko wapi, alinionyesha kiroba kilichokuwa pembeni mwa ukuta. Nilikifungua. Ndani mlikuwa na magunzi na vumbi jeupe la dumuzi. Mama alisema juu ya mafiga nafasi ni ndogo, na zeze lina tumbo kubwa, kwa hiyo kuna vitu vililazimika kushuka.

Hasira niliyokuwa nimebaki nayo tangu likizo iliniisha pale pale. Nilimpenda mama mpaka nikashindwa kumtazama.

"Usinililie hapa," alisema, akikung'uta kile kiroba mlangoni. "Siku hizi ni soko huria. Mbegu zinauzwa hata Kitai. Zeze umeona wapi linauzwa?"