Mtama Nilioufukua Siku ya Krismasi

Nakumbuka Krismasi moja, mwanangu, ambayo sikuingia kanisani, na hadi leo sijawahi kuisimulia yote. Ilikuwa enzi za Mwingereza, huko kwetu juu ya Iguguno. Mimi ni mtu wa darasa la pili tu, kwa hiyo usitafute maneno ya kisomi hapa. Ng'ombe unaowaona na mashine ya kusaga pale barabarani sikupewa na mtu. Nilivipata kwa mikono hii. Lakini mikono hii iliwahi kufanya upumbavu, na huo ndio nataka uujue.

Sisi tunapanda mtama kwenye vumbi, mvua haijaja. Unatoboa shimo, unatupia punje sita au saba, unafukia kwa mguu, unaondoka. Anayengoja ardhi ilowe amechelewa. Mwaka ule tulipanda kama kawaida. Mbegu alinipa mama yangu, masuke aliyokuwa ameyatundika juu ya jiko lake ili moshi uwafukuze wadudu. Baba alikuwa ameshafariki. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mke wangu Tabea mwenye mimba ya kwanza, na mimi niliyejiona dume.

Mvua ikakataa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Mawingu yalikuwa yanakuja mchana, yanasimama kidogo, yanaondoka kama mgeni aliyekosea mlango. Kihenge kikaisha. Tukala mlenda bila ugali, kisha mizizi ambayo hata jina lake sitaki kulitaja. Ilisemekana lori la mahindi lingefika barabarani. Tukangoja lori, tukangoja mvua. Mama akaanza kukohoa, akalala, akabaki mifupa na macho. Njaa mwana malegeza, mwanangu, wala usidhani inalegeza miguu tu. Inalegeza na imani.

Asubuhi ya Krismasi wakagonga kile kipande cha reli kilichokuwa kengele ya kanisa. Tabea akafunga kitambaa kichwani, akaniambia, "Twende."

"Tangulia," nikamwambia, "nakuja."

Sikwenda. Nilichukua jembe dogo na kibuyu, nikaingia shambani, nikaanza kufukua. Ndiyo. Shimo moja baada ya jingine, nimepiga magoti kama mtu anayesali, nachambua punje kwenye vumbi. Mashimo mengine mchwa walikuwa wamenitangulia. Nilifukua nusu ya shamba, na nusu ya shamba haikujaza kibuyu. Kutoka kule kanisani nilisikia wanaimba kuzaliwa kwa Mwokozi, nikawaona wajinga.

Nikarudi nyumbani, nikachota kiasi, nikasaga mwenyewe. Siku zile mwanaume kushika jiwe la kusagia kilikuwa kichekesho. Mama akauliza kutoka kitandani, "Tabea, mbona leo unasaga kama unavunja kuni?" Nikaendelea kusaga. Nikapika uji, nikamwinua, nikamwekea kata mdomoni.

Akanywa funda moja. Akatema mchanga kiganjani.

"Zakaria. Mtama huu wa nani?"

"Wetu, mama. Kunywa."

"Wetu wa wapi? Kihenge nilikipangusa kwa mkono wangu." Akalamba midomo tena. "Una moshi. Huu nimeutundika mimi."

Nikamwambia ukweli, tena kwa hasira. Nikasema mvua haiji, mbegu inaliwa na mchwa, naogopa kukuzika, na Mungu ametusahau.

"Alikuambia wewe?" akasema. "Wengine wote amewaficha, akaja kukunong'oneza wewe?"

Mama alibatizwa akiwa mtu mzima, hakujua hata herufi moja. Lakini Kiswahili cha mwinjilisti alikuwa anakisikiliza kwa masikio yote mawili. Akaniambia, kwa lugha yetu, "Malaika aliwaambia wachungaji msiogope. Aliwapa ng'ombe? Aliwapa chakula? Aliwaonyesha mtoto mchanga kwenye hori, basi. Na mama wa yule mtoto hakujua watakula nini kesho. Wewe una shamba lililopandwa na bado unatetemeka. Huu uji ni wa mjukuu wangu aliye tumboni. Mimi siunywi. Mpe Tabea. Kilichobaki kwenye kibuyu, rudisha ulikokitoa."

"Mama, leo ni Krismasi."

"Ndiyo maana nakutuma leo."

Nikaenda. Sikwenda kwa imani, nakwambia ukweli; nilikwenda kwa aibu. Nilikuwa natoboa mashimo juani wakati watu wanatoka kanisani. Jirani yetu Yona, mtu wa maneno, akasimama njiani.

"Ee Zakaria! Unapanda mara ya pili? Mvua umeiona wewe peke yako?"

Mwingine akadakia, "Mwache, anazika panya wake. Msiba wa mtu hauchekwi."

Wakacheka, na wao njaa iliwabana vilevile. Tabea hakucheka. Alitazama udongo uliovurugika, akatazama kibuyu, akaelewa. Alivua kile kitambaa cha kanisani, akakifunga kiunoni, akanipokonya kibuyu. Mimi nikatoboa, yeye akatupia punje, mpaka kibuyu kikaisha. Mistari kumi na miwili ilibaki mitupu, maana mbegu yake ilikuwa imeshasagwa. Tuliporudi nyumbani alikunywa ule uji huku analia, mama anamhimiza amalize.

Usidhani mvua ilinyesha jioni ile. Hadithi za namna hiyo wanazo wengine. Mama alifariki siku ya sita baada ya Krismasi. Ardhi ilikuwa ngumu, kaburi tulilipasua kwa mtaimbo. Mvua ilikuja Januari, ikiwa imebaki wiki moja mwezi uishe. Mtama ukaota kwa mabaka, mahali upo, mahali haupo. Tulivuna kidogo, lakini kidogo hicho ndicho kilichomnyonyesha mtoto wetu wa kwanza. Ile mistari kumi na miwili niliitazama mpaka mavuno, mitupu.

Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mama alivumilia, hakula mbivu. Zipo siku najiuliza uji ule ungemwongezea siku ngapi kama angeunywa. Sijui. Nimezeeka na swali hilo. Lakini najua kwamba yule aliyekuwa anakufa ndiye aliyekuwa hana hofu, na mimi mwenye nguvu ndiye niliyekuwa nafukua.

Basi sikia, mwanangu, nikuambie waziwazi. Kumtumaini Mungu hakukukingi na msiba. Anayekuambia hivyo anakudanganya. Kumtumaini ni kukiacha ardhini ulichokwisha kupanda, hata kama moyo unatetemeka. Hofu itakuja, na itakuja na sababu nzuri, itamtaja hata mama yako. Ogopa ukitaka, hilo si kosa. Lakini usifanye neno lolote kwa amri ya hofu. Na ukiwa umeshalifanya, rudi siku hiyohiyo, upande kilichobaki, hata wakikucheka. Usingoje Krismasi nyingine.

Mungu akupe moyo wa bibi yako yule ambaye hukumwona. Akunyeshee kwa wakati wake, na wakati wake ukikawia, akukute bado una mbegu ardhini. Amina.