Mkono wa Kupinga

Jumapili iliyopita jirani yangu hapa mtaa wa Hillbrow, mama fundi cherehani kutoka Bukavu, alinialika kanisani kwao, kwa Wamormoni. Kulikuwa na mgeni: kiongozi wao mkubwa, mzee aliyefundisha chuo kikuu mpaka akastaafu.

Kwao, mtu akipewa kazi ya kanisa, waumini huinua mkono kuafiki. Mzee akamtaja mume wa jirani yangu kuwa kiongozi wa kwaya. Mikono ikapanda. Kisha, kwa desturi tu, huku akifungua kitabu cha nyimbo, akauliza, "Na anayepinga?"

Ukapanda mmoja. Wa jirani yangu, mkewe.

"Ndiyo, swali lako?" akasema mzee. Ualimu hautoki mtu mwilini.

"Si swali, Papa Profesa. Huyu ni bwana yangu, ninamupenda sana. Lakini kuimba hajue. Anaimbaka bafuni mpaka jirani anagonga ukuta."

Jirani mwenyewe ni mimi. Nikaanza kukagua viatu vyangu.

Mume akajifuta jasho kwa tai. Mzee akavua miwani, akacheka. "Mama, chuoni miaka yote niliuliza kama kuna anayepinga. Kimya! Nikadhani nafundisha vizuri." Kisha akasema kuimba ni kujifunza, na kazi mume akapewa.

Kwaya ikasimama, mume akaanzisha wimbo kwa sauti ileile ya bafuni. Mke akaitikia kwa sauti, kama mke mwema.

Mkono niliouona ukipanda taratibu, halafu ukajifanya unakuna sikio, ulikuwa wa profesa.