Ukurasa wa Nne wa Ripoti Yangu

Niliripoti kazini Korogwe asubuhi ya Jumatatu, nikiwa na cheti kipya cha chuo na viatu vilivyonibana. Afisa maendeleo, mkubwa wangu wa kwanza, alikisoma cheti mpaka akafika kwenye neno sosholojia, akacheka.

"Hii ndiyo nini, binti?"

Nikamjibu kama tulivyofundishwa: ni elimu ya jamii, kuchunguza kinachowafanya watu waishi pamoja, watii, wagombane.

"Basi utatufaa," akasema. "Watu tunao. Kinachotushinda ni kuwafanya watii."

Nilidhani anatania.

Ninyi mnaosoma somo hili sasa mna vitabu. Sisi tulinakili ubaoni. Waasisi wake tulioambiwa ni Wazungu watatu waliokufa zamani. Mjerumani mmoja alisema historia ni ugomvi wa matabaka, wenye mali na wenye jasho. Huyo alipendwa sana, kwa kuwa Ujamaa ulikuwa umepamba moto. Mfaransa alitenga mshikamano wa aina mbili: wa watu wanaofanana kwa kazi na imani, na wa watu wanaotofautiana lakini wanategemeana, kama mjini. Mjerumani wa pili aliuliza kwa nini mtu humtii mwenzake, akaona mamlaka ya namna tatu: ya mila, ya mvuto wa mtu mwenyewe, na ya sheria na ofisi. Mimi mtoto wa mkulima wa Bungu nilimwelewa huyo upesi kuliko wote.

Miaka mitatu nilifundisha akina mama kusoma katika kambi za mkonge. Kisha nikahamishiwa Handeni, watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya Ujamaa. Mkubwa wangu mpya alikuwa mwenyekiti wa kamati ya uhamishaji, mtu mpole wa maneno, hakupenda kelele. Akanituma kwenye kitongoji kimoja upande wa Kwedizinga ambacho kilikuwa kimekataa kuhama. "Kaa nao, Bibi Maendeleo. Uniletee ripoti. Nataka kuwafahamu."

Nilifikia kwa Mzee Mhando. Nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba, akaongeza salamu za Kishambaa, lugha ya kwetu Bungu, akizichanganya na Kizigua chake, ili nisijione mgeni. Wiki tatu nilizunguka na hojaji yangu, yaani karatasi ya maswali: nani hukusaidia kulima, ukigombana na jirani unakwenda kwa nani, ukiishiwa chakula unabisha hodi wapi. Karibu kila nyumba ilijibu: kwa Mzee Mhando. Yeye na mdogo wake, Mzee Salimu, walipanga zamu za kulima, leo shamba la huyu, kesho la yule.

"Unatuandika kama karani wa mkonge anavyohesabu matita," alinitania. "Haya, andika. Lakini andika kwamba kule wanakotupeleka hakuna maji."

Niliandika. Nilisema waachwe wavune kwanza, kisima kichimbwe, kisha kamati iongee na Mzee Mhando. Na kwa fahari ya usomi wangu, ukurasa wa nne nikaeleza mamlaka ya mila: mtu huyu mmoja ndiye anayesikilizwa, aendako, wote watakwenda.

Mwenyekiti aliisoma mbele yangu. "Kazi safi sana. Ukurasa wa nne umetosha."

Siku nne baadaye malori yalifika, mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Mgambo walikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mhando, wakaezua paa lake, wakampakia kiti cha mbele ili aonekane. Lori likazungushwa kitongoji kizima. Watu wakatoka na magodoro na kuku. Hakuna aliyepigwa. Mwenyekiti alijisifia hilo kwa miaka mingi.

Kule kwenye kijiji kipya, cha nyumba zilizopangwa mistari, wakasema mzee amewauza. Si alikaa mbele kwa dereva? Zamu za kulima zikafa. Yule Mfaransa alifundisha kwamba kanuni zinazowafunga watu zikikatika ghafla, mtu hupotea akiwa katikati ya wenzake. Nilikuwa nimeyakariri hayo kwa mtihani.

Nilipokwenda kumtazama, Mzee Mhando alinikaribisha vilevile. Akanisogezea kigoda.

"Mwanangu, wewe uko ofisini. Nani kati yetu aliwaambia waanze na mimi?"

"Sijui, mzee," nikasema.

"Ni Salimu," akasema taratibu. "Hakuna mwingine anijuaye hivyo."

Nilikunywa uji alionipa, nikarudi mjini.

Nilipandishwa cheo. Nikarudi Korogwe kufundisha maafisa wapya, na kila mwaka niliandika ubaoni zile namna tatu za mamlaka. Hakuna mwanafunzi aliyeuliza elimu hii hutumika kwa kazi gani, nami sikuwaambia. Mzee Mhando alifariki nikiwa darasani. Sikwenda.

Nimestaafu sasa, nalima maharage huku Bungu. Barua ya kuniaga ilinisifu kwa utumishi mwema. Vijana huja kuniuliza waasisi wa sosholojia walisema nini. Nawaambia, halafu nawaambia na la kwangu: utakachoandika juu ya mtu kitasomwa na asiyempenda.

Mwaka nilioacha kazi nilishuka mpaka kwa Mzee Salimu. Nilimkuta ameketi mlangoni, macho yameingia ukungu. Nikamweleza yote, hata lile "sijui" langu. Nilitaka anitukane.

Aligeuza uso kuielekea sauti yangu.

"Miaka ile yote nyumba tatu tu zilitutenganisha," akasema, "lakini hakunisemesha, wala hakuniambia kosa langu. Akafa, nikajifungia ndani. Sikwenda kumzika ndugu yangu."

Kisha akamwita mjukuu wake anisindikize barabarani.