Lenzi ya Kumpata Baba Kazini

Mimi si mtu wa kununua kitu haraka. Kitambaa cha gauni nakigeuza mpaka muuzaji anaguna, na nyanya sokoni nazibonyeza hata nikikatazwa. Lakini siku niliyokwenda kununua kamera yangu ya kwanza ya DSLR, zile kubwa za kubadilisha lenzi, nilikuwa kama mtoto aliyeambiwa kesho ni Krismasi. Niliamka pale Kiseke kabla ya jogoo wa jirani, nikachemsha chai nikasahau kuinywa, nikafika mjini maduka hayajafunguliwa. Nikasimama mlangoni kama mlinzi.

Haraka yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya baba. Baba alianza kazi kwenye kivuko cha Kigongo mimi sijaanza hata shule. Kazi yake ilikuwa kuita magari. Anasimama kwenye mlango wa kivuko, anatazamana na dereva, na kwa mikono yake miwili analiingiza basi au lori mahali ambapo ungeapa haliingii. Sasa daraja la kuchukua nafasi ya kivuko lilikuwa karibu kukamilika, unaliona pale pale pembeni, na yeye mwenyewe alikuwa anastaafu mwisho wa wiki ile. Nyumbani tuna picha za baba kwenye harusi, kwenye ubatizo, hata kwenye misiba. Ya kazini hakuna hata moja. Nilifikiria wajukuu wakija kuambiwa babu yao aliita magari, watadhani alikuwa mpiga debe wa stendi. Wazo hilo lilininyima raha kabisa.

Kwa simu nilishajaribu. Magari yakiwa yanaingia, abiria hatukai karibu na mlango. Tunapanda kwenye viti vya juu, na kutoka kule baba anaonekana mdogo kama kidole. Ukimvuta kwa simu anageuka chengachenga. Halafu injini haizimwi wakati wa kupakia, maana ndiyo inayokishikilia kivuko ukingoni, kwa hiyo chuma chote kinatetemeka na wewe unatetemeka nacho mpaka meno. Kila picha niliyopiga ilikuwa imecheza. Kwenye moja baba alikuwa na vichwa viwili, na vyote havina macho.

Duka lilipofunguliwa nilimkuta muuzaji, mama mmoja wa makamo, miwani ameipandisha kichwani.

"Karibu, dada. Unataka kamera ya namna gani?"

"Nataka ya kumpiga baba yangu picha akiwa mbali, na mimi nikiwa natetemeka."

Akanitazama kwa huruma. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nitakuwa kwenye kivuko."

Akacheka, akaniwekea kamera mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa mpya, inang'aa, ina kioo kikubwa nyuma na lenzi fupi ya kawaida. Ya pili ilikuwa imeshatumika, mpira wa pale pa kushikia umeanza kuchubuka, lakini ilikuwa na lenzi ndefu yenye kifaa cha kuzuia mtikisiko. Uwezo wangu ulikuwa wa kuchukua moja. Nikiri tu kwamba macho yalikwenda kwenye ile mpya. Nilijiona nimeivaa shingoni kanisani, watu wanageuka.

"Ndani ya hii ndefu kuna kipande cha kioo kinachosogea chenyewe," muuzaji akanieleza. "Mkono wako ukienda huku, chenyewe kinarudisha kule. Lakini kinatuliza mtikisiko wako wewe tu. Mzee akipunga mkono haraka na mwanga ukiwa hafifu, mkono wake utacheza kama kawaida."

Maneno ya dukani nayajua. Nikamwomba tuijaribu. Nje kulikuwa na bajaji imeegeshwa, dereva anachezea simu. Nikapanda nyuma na ile kamera, muuzaji akiwa amesimama mlangoni kuhakikisha sitoroki nayo.

"Twende wapi, dada?"

"Hatuendi popote. Washa, halafu vuta mafuta."

Yule dereva alinitazama kama niliyechanganyikiwa, lakini akawasha. Bajaji ikaanza kutikisika, nami nikaelekeza lenzi kwenye kibao cha duka la dawa ng'ambo ya barabara. Nikapiga kwanza kile kifaa kikiwa kimezimwa. Maandishi yakatoka uji mtupu. Nikasukuma swichi. Ndani ya lenzi kukawa na mlio mdogo, na pale ninapochungulia, kile kibao kilichokuwa kinarukaruka kikatulia tuli. Kilitulia huku mimi nikiendelea kutikisika! Nikapiga, nikaikuza picha, nikasoma hata maandishi madogo ya saa za kufungua. Nilipiga kigelegele pale pale ndani ya bajaji. Wapita njia wakasimama. Dereva akauliza kama ni harusi. Nikarudi dukani na kusema naichukua hii iliyochubuka, na ile mpya sikuitazama tena.

Kosa nililifanya jioni ya kuamkia siku ya mwisho ya baba kazini, nilipompigia simu.

"Shikamoo, baba. Kesho nakuja kukupiga picha."

"Marahaba, mayu. Haya, njoo." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Ananiita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Ningenyamaza tu nikatokea. Mtu wa rika la baba huwezi kumtajia picha mapema. Kwao picha ni shughuli. Ndevu zinanyolewa, suti inatolewa sandukuni, mtu anasimama wima mikono ubavuni, na hacheki mpaka aambiwe tayari. Mimi, niliyezaliwa na watu hao hao, nikasahau.

Asubuhi yake ilikuwa na mawingu mazito. Nahodha alikuwa ameniruhusu kupiga, nikapanda juu na kamera yangu. Nikatazama mlangoni. Baba alikuwa amesimama pale ndani ya suti ya kahawia ya Krismasi, tai imekaba, viatu vinawaka. Kizibao chake cha kazi amempa mwenzake, na mwenzake ndiye anayeita magari.

"Baba! Fanya kazi!" nikapaza sauti.

Akajibu bila kugeuza shingo. "Kazi haipigwi picha. Anapigwa mtu. Piga!"

Nikapiga moja, kwa heshima. Ilitoka safi kabisa, naye alikuwa kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga. Magari yalikuwa yanakwisha kuingia, na baada ya siku ile hapakuwa na nyingine.

Likabaki lori moja la ndizi, limetoka kupakua nusu ya mzigo Mwanza, linarudi ng'ambo na nusu nyingine. Mwenzake akaita, "Lete! Lete! Kulia!" Dereva akakata kushoto. Tairi la nyuma likapanda ukingo wa mlango, mzigo ukainama, na huku juu watu wakasema "Yesu!" kwa pamoja.

Shingo ya baba ndiyo iliyogeuka kwanza.

"Simama! Simama hapo!" Akamsogeza mwenzake kando, akaenda kusimama mbele ya lile lori na suti yake. Mkono wa kushoto juu, umefungwa ngumi. Wa kulia unaita kwa vidole, taratibu, kisha haraka. "Rudi kidogo. Hapo. Sasa njoo kwangu. Nitazame mimi, usitazame kioo!"

Kivuko kilikuwa kinanguruma, nondo ninayoiegemea inaniwasha viganja. Nikachungulia. Mlio mdogo ndani ya lenzi, na baba akatulia mbele ya jicho langu, karibu kabisa, na jasho lake. Nilibonyeza bila kuhesabu. Nilikuwa nacheka peke yangu, abiria wa jirani akasogea mbali nami.

Lori likaingia. Tukang'oa nanga.

Nikakaa chini kuzitazama. Nyingine zilikuwa zimekata mikono, nyingine zina kiwiko cha mtu. Moja ilikuwa yenyewe. Uso wa baba unaonekana hadi mikunjo, lori kubwa limesimama mbele yake, anaonekana analizuia kwa kifua. Mkono wa kulia tu ndio uliocheza, umekuwa ukungu. Nilitaka kuvunjika moyo. Kisha nikaona kwamba ule mkono ungetulia, mtu asingejua kama anaita gari.

Katikati ya maji baba akapanda juu, anafuta grisi kwenye mkono wa koti.

"Ile ya kusimama imetoka?"

"Imetoka. Lakini tazama na hii."

Akaishika kamera mbali na uso, kama anavyoshika gazeti.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, baba."

"Miaka yote nilikuwa naangalia magari tu," akasema. "Kumbe nafanya hivi."

Tukafika Busisi, ng'ambo ya pili, mlango ukateremka. Chini madereva walianza kumpigia honi ashuke awaite watoke. Baba hakuinua kichwa.

"Subiri, mayu," akasema. "Hebu ikuze kidogo."