Ala Aliyoishona Baba

Mimi ni fundi wa ngozi hapa Suna, Migori. Nashona viatu, mikoba ya shule, mishipi na, kwa kuwa kituo cha polisi hakiko mbali, ala za bastola za askari. Kazi hii niliirithi kwa baba, pamoja na kisu chake na kibao alichokichonga kwa umbo la bastola, kwa sababu askari hawezi kukuachia silaha yake kama anavyokuachia kiatu. Unailowesha ngozi, unakivisha kibao, unaikanda kwa vidole mpaka ikauke na kushika umbo.

Bastola sizipendi, nisidanganye. Lakini nimezijua kwa mikono. Zile za zamani alizozishonea baba zilikuwa chuma kitupu, ndefu na nzito, na nyundo imechomoza kwa nyuma. Hizi wanazobeba sasa zina mwili wa plastiki ngumu, ni fupi na nyepesi, na ukizipapasa nyuma hukuti nyundo.

Siku moja askari mmoja aliniletea ala kuukuu ya marehemu baba yake, aliyekuwa askari pia. Nilipoigeuza nikaona mshono wa baba yangu. Pale chini alikuwa na tabia ya kurudisha uzi mara tatu, na sijaona fundi mwingine akifanya hivyo. Nililia mbele ya mteja. Yeye alitaka kubebea bastola yake mpya humo, lakini ilikuwa inachezacheza ndani. Nikamwambia asijali. Nikashona pindo la ngozi laini kwa ndani, karibu na mdomo wa ala, ili iishike. Ilikaa sawasawa. Nasema bila haya kwamba sikuwahi kushona kitu kizuri kama kile. Wiki hiyo hiyo akahamishiwa Homa Bay, akaenda nayo.

Miezi miwili baadaye mzee mmoja wa Uriri, mwanajeshi mstaafu, alikuja kuchukua viatu vyake vya kanisani. Akakiona kibao, akakishika huku kidole amekinyoosha kando, mbali na kifyatulio. Nikaanza kujisifu kuhusu ile ala. Hakutabasamu.

"Nyara," akaniambia, jinsi wazee wetu wanavyomwita binti, "hizo bastola hazifanani. Yetu ya jeshi ilikuwa na kizuizi hapa kando, unakisukuma na kidole gumba. Ukishafunga, vuta vile unataka, hailii. Hata hizi za kisasa, kuna majeshi bado yanataka hicho kizuizi. Polisi wengi hawataki. Jambazi akikurukia, utaanza kutafuta kizuizi saa ngapi?"

"Sasa hii mpya inazuiwa na nini?"

"Kizuizi iko ndani ya kifyatulio yenyewe. Ukifinya, umefungua na umepiga, yote mara moja. Na haiulizi kama ni kidole ama ni ngozi."

Nikalikumbuka lile pindo nililolishona karibu na mdomo wa ala. Ngozi laini ikitumika sana hujikunja kuelekea ndani, hilo nalijua tangu utotoni. Nikampigia askari simu. Akacheka.

"Mama, nimebeba hii kitu miezi mbili, haijanisumbua. Wacha wasiwasi."

Nikamsihi asiitumie. Akasema ana haraka, akakata.

Kesho yake asubuhi nilifunga kibanda nikaenda Homa Bay. Nilipofika Rodi Kopany, njiani, nilimpigia tena, hakushika. Nilijikasirikia njia nzima. Siku ile nilishona kwa machozi, na fundi anatakiwa kushona kwa macho.

Niliulizia kituoni, nikamkuta nyumbani, siku yake ya mapumziko, ala iko kiunoni, binti yake mdogo ameketi kizingitini anakula ndizi. Hakufurahi kuniona, ila aliona aibu kumfukuza mtu aliyetoka Migori kwa ajili yake. Akamwingiza mtoto ndani. Akaitoa bastola, akachomoa magazini ya risasi, akavuta chuma nyuma, akanionyesha kwamba hakuna risasi. Kisha akairudisha bastola kwenye ala polepole. Kimya. Akaitoa, akairudisha tena. Kimya.

"Umeona, Mama?"

"Irudishe vile unairudishanga ukiwa na haraka."

Akaisukuma kwa nguvu.

Tak.

Ilikuwa sauti ndogo tu ya bastola isiyo na risasi, lakini sote wawili tuliisikia vizuri. Akaketi kizingitini pale alipokuwa mtoto, akilitazama paja lake. Akaniambia kwamba kila jioni akifika kutoka kazini, kabla hajavua kitu, mtoto humrukia na kumkumbatia mguu huo huo.

Nikamwomba ile ala. Akaifunika kwa kiganja.

"Ni ya mzee wangu, Mama. Ndiyo kitu nilibaki nayo."

"Na mshono ni wa mzee wangu."

Ningeweza kulitoa lile pindo nikamrudishia. Lakini ngozi yote ilikuwa imelegea kwa uzee, nami nilijua kwamba siku moja angemkumbuka baba yake na kuivaa tena. Nadhani naye alijua, maana aliifungua kutoka kwenye mshipi wake akanipa, akageuza uso.

Nikatoa kisu cha baba. Nilianzia pale chini, penye uzi uliorudishwa mara tatu. Alikuwa ameukaza sana. Ilinibidi nikate mara tatu.