Masalu Aliisingizia Diski

Masalu, fundi wa kompyuta pale Mirongo, alikuwa na mikono myepesi kazini, na neno "sijui" lilimkaba kooni. Wateja walimpenda kwa yote mawili.

Siku moja Mwalimu Prudencia, mstaafu wa Kiseke, alimletea laptopu iliyokuwa ikizimika ovyo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Irudishe kama ilivyotoka kiwandani, ila sauti za wazee wangu usiziguse."

Sauti hizo zilikuwa kazi ya miaka sita. Kila alipokwenda kwao Muleba, aliwarekodi wazee wakitaja majina ya ndizi kwa Kihaya, na kueleza ipi ya pombe, ipi ya msibani. Wengine walikwishafariki.

"Hakuna kitakachopotea," Masalu alisema, hata hajaiwasha.

Alianza na ile njia ya kurejesha iliyomo ndani ya mashine yenyewe, inayoacha mafaili ya mtu salama. Ilifika asilimia thelathini na tano ikagoma. Akarudia, ikagoma palepale. Badala ya kumpigia Mwalimu simu, akachomeka flashi yenye Windows mpya. Skrini ikamwonyesha diski iliyogawanywa mafungu matatu, naye kwa haraka zake akayafuta yote. Laptopu ikawaka safi kabisa. Ndipo alipowakumbuka wale wazee.

Jioni Mwalimu alipofika, uongo ulimtoka wenyewe. "Diski ilikuwa imeharibika, Mwalimu. Nimejitahidi sana."

Mwalimu aliketi. Kisha akasema, "Pole na wewe. Najua umehangaika."

Siku ya nne akarudi na kopo la senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao, eti asante ya kujitahidi. Masalu alilipokea kwa mikono miwili, macho yakiwa sakafuni. Hakuweza kula hata mmoja. Mteja akimsifu, alijisikia kama anavuliwa nguo mbele za watu.

Jumapili, baada ya misa, alimfuata Kiseke.

"Mwalimu, nilikudanganya. Diski ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyefuta."

Mwalimu alivua miwani. "Haziwezi kurudi?"

"Ipo programu inayofukua vilivyofutwa, ilimradi hakijaandikwa kitu juu yake. Siku ile ile ningezipata karibu zote."

"Nami wiki nzima nimekuwa nikijaza humo video za harusi ya mwanangu." Alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe. "Kufuta ulikosea. Lakini siku zote hizi ulikuwa unafanya nini?"

Masalu alichomeka flashi yenye programu hiyo. Programu ilifanya kazi hadi alasiri, ikaokoa rekodi thelathini na moja kati ya mia moja arobaini. Baadhi ya hizo zilikatika katikati ya neno.

Mwalimu hakupaza sauti. Alisema tu, "Desemba nakwenda Muleba kuwarekodi waliobaki. Utanifuata. Wakiuliza kwa nini wanarudishwa kwenye maneno yale yale, utawaeleza wewe."

Masalu alikwenda. Kwa mzee wa kwanza alisimama uani, akasema kwa Kiswahili kwamba alizifuta sauti zao, kisha akadanganya. Mwalimu akatafsiri kwa Kihaya, neno kwa neno, bila kumpunguzia. Yule mzee alimsogezea Masalu kigoda, akaanza upya na ndizi ya kwanza.